Mgao wa Mchanga Mweusi

Nilicheka mimi kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, na kicheko hicho bado kinaniuma mpaka leo.

Mkaguzi alikuwa amesimama mbele yetu katika chumba cha pampu, karatasi mkononi, anasoma majibu ya chupa alizochukua mwezi uliopita. Maji yanayotoka kisimani kabla ya kuchujwa, alisema, yana madini yenye mionzi kupita kiwango kinachoruhusiwa. Maji hayohayo yakishapita kwenye matangi ya mchanga na kwenda kwenye mabomba ya watu hayana neno. Yako chini kabisa ya kiwango.

"Rudia hapo pa mwisho," nikamwambia.

Akarudia. Nikacheka mpaka fundi wa pampu akanipiga mgongoni nisipaliwe. Miezi miwili tulikuwa roho juu, tangu ilipotoka sheria mpya ya kupima mionzi kwenye maji ya kunywa na watu wakaanza kunong'ona kwamba kituo chetu kitafungwa. Na sasa huyu binti wa makao makuu, ambaye angeweza kuwa kitinda mimba wangu, anatuambia kwamba mchanga ninaouosha na kuupanga kwa mikono yangu kwa miaka ishirini na sita ndio uliokuwa ukiwalinda watu, bila hata sisi wenyewe kujua.

"Mmesikia?" nikawauliza wenzangu. "Mlikuwa mkiniita Chekecheke kwa dharau. Kuanzia leo ni Bwana Chekecheke."

Meneja akapiga makofi. Huyu bwana akifurahi hupiga makofi na akiogopa hutoka jasho, hana la katikati. Akaagiza soda kwa wote, zikaletwa, tukafungua.

Mkaguzi hakuigusa ya kwake. Alikunja karatasi yake mara mbili, akaniuliza kwa adabu, "Mzee, ukichuja chai, majani yanabaki wapi?"

"Kwenye chujio. Hilo hata mtoto anajua."

"Sasa haya madini yamebaki wapi?"

Nilibaki nimeshika soda, wenzangu wananitazama mimi, na mimi namtazama yeye akitoa kwenye begi lake kidude cha ukubwa wa tochi. Alikiwasha. Kikaanza kulia tik, halafu kimya, halafu tik tena, taratibu, wala hakikunitisha. Tukamfuata hadi tangi namba mbili, ambalo siku hiyo lilikuwa limekaushwa ili lisafishwe. Akapanda ngazi, akafungua mfuniko wa juu, akakishusha kile kidude karibu na mchanga.

Zile tik zikaungana. Hazikuwa tena tik, ulikuwa mlio mmoja mrefu usiokata pumzi. Fundi wa pampu akarudi nyuma hatua mbili.

"Msishtuke sana," mkaguzi akasema kutoka juu ya ngazi. "Mchanga umefanya kazi yake. Umeyashika, na hapa ndani hauwadhuru watu. Huu wa zamani, mkiubadilisha, huwa mnautupa wapi?"

Fundi wa pampu akatazama dari. Karani wa stoo akatazama viatu vyake kana kwamba vimenunuliwa leo. Meneja jasho likaanza.

"Shimoni," akasema Meneja. "Tuna shimo huko nyuma, lilichimbwa kwa kazi hiyo."

Mkaguzi akaomba aoneshwe. Tukaenda sote, kama watu wanaosindikiza jeneza. Shimo lipo kweli, sikatai. Lina nyasi mpaka magotini na kuku wa mlinzi wametagia mayai humo. Alitembea na kidude chake pembe hadi pembe, kikalia tik, kimya, tik, kwa uvivu uleule wa mwanzo.

"Hapa hakuna mchanga," akasema. "Hapajawahi kuwa na mchanga."

Acha nikujibu wewe unayesoma, maana siku ile nilinyamaza nilipotakiwa kusema.

Mchanga wetu huingia tangini ukiwa mweupe. Maji ya kisima chetu yana kitu kinachouganda kidogokidogo, na baada ya miaka sita unakuwa mweusi tititi, punje laini, unang'aa kama umepakwa mafuta. Hapo huwa umechoka. Tunautoa kwa makoleo na kuweka mwingine. Na kituoni kwetu tangu zamani, tangu kabla sijaajiriwa, kuna mgao. Mchanga mweusi hautupwi. Anayejenga anapewa, anayeoa anapewa, anayestaafu anapewa, na mgawaji ni mkuu wa matangi, yaani mimi. Unachanganywa na saruji, unamwagwa, unasuguliwa kwa mwiko wa chuma halafu kwa mshumaa, na unapata sakafu nyeusi ya kujitazamia uso. Mjini kwetu ukiona sakafu ya namna hiyo unajua mwenye nyumba ni mtu wa maji. Watu wa benki wanaitamani hawaipati.

Na nilikuwa na maneno yangu ya mgao, kila mara yaleyale. Nilikuwa nikipima kwa karai, nikijaza viroba, huku nikisema, "Chukua. Umeoshwa na maji usiku na mchana kwa miaka sita. Duniani hakuna mchanga safi kama huu." Watu walikuwa wakicheka na kuitikia. Nani angebisha? Sisi ni watu wa maji, tunaamini kuosha. Kwamba kitu kinaweza kuoshwa miaka sita mfululizo kikatoka kibaya kuliko kilivyoingia, hilo halikuwahi kupita kichwani mwa mtu yeyote pale kituoni.

Mwaka juzi tulibadilisha mchanga, na mgao huo sehemu kubwa niliichukua mwenyewe. Nikamwaga sakafu ya chumba cha binti yangu, aliyekuwa ameolewa na dereva wa malori ya masafa marefu. Tulikubaliana kwamba akipata mimba atakaa kwetu. Alipata. Mjukuu wangu ana miezi minane, mnene, meno mawili, na hapendi kitanda. Ukimlaza kitandani analia, ukimweka kwenye sakafu ile ya baridi analala usingizi wa pono, shavu limegusa chini.

Pale shimoni nilimwona na shavu lake.

"Dada," nikamwambia mkaguzi, "una gari?"

Meneja akanishika mkono wa shati, akanivuta pembeni. "Mzee, tafadhali," akaninong'oneza. "Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mwanaharamu hapiti," nikamwambia, tena kwa sauti. "Kalala kwangu, pamoja na mjukuu wangu. Niachie shati."

* * *

Mke wangu alikuwa uani anachambua mchele. Akaona gari, akaona mgeni, akafurahi, akataka kuinuka kuandaa chai. Nikampita bila hata salamu, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nimwoe. Mkaguzi alimwamkia, akavua viatu mlangoni kwa heshima, akaingia na kidude chake. Uani kilikuwa kinalia polepole. Ukumbini, penye saruji ya kawaida, hivyohivyo. Kwenye kizingiti cha chumba cha binti yangu kikaanza kukimbia.

Dirisha lilikuwa limefungwa kwa sababu ya vumbi. Mtoto alikuwa amelala chini, tumbo wazi, mkono mmoja umeshika mguu wa kitanda. Mkaguzi akachuchumaa karibu naye, akakishusha kidude hadi sakafuni, na ule mlio mmoja mrefu nilioacha tangini ukanipokea ndani ya nyumba yangu.

"Kinalia nini hicho?" mke wangu akauliza nyuma yangu. "Mtamwamsha mke mwenzangu." Ndivyo anavyomwita mjukuu wake, kwa kuwa mimi humwita mchumba.

Mkaguzi ndiye aliyemjibu, na ninamshukuru, maana alisema taratibu na hakupamba. Kwamba hii si sumu ya kuua mtu leo au kesho. Kwamba ni kitu cha miaka, kinarundikana. Kwamba sakafu inatoa mionzi, na tena inatoa hewa isiyoonekana wala kunusika, nayo chumba kikifungwa inajaa na kuingia mapafuni. Na kwamba mtoto mdogo yuko hatarini zaidi ya mtu mzima, kwa sababu mwili wake bado unajengwa na ana miaka mingi mbele.

Binti yangu alikuwa ametoka kuoga, kasimama mlangoni na taulo kichwani, kasikia yote. Hakupiga kelele. Aliingia, akamwinua mtoto sakafuni, akamfutafuta shavu kwa kiganja. Akalifuta tena, na tena, mpaka mtoto akaamka na kulia.

"Baba, ulikuwa unajua?"

"Sikujua, mwanangu. Haki ya Mungu sikujua."

"Ulisema hakuna kitu safi kama hiki. Nilikuambia nitandike zulia, ukaniambia zulia ndilo lenye uchafu."

Nilisema hivyo kweli. Kikulacho ki nguoni mwako, na hii nguo nilimshonea mwenyewe.

"Asilale humu tena," mkaguzi akasema. "Fungueni madirisha, fungeni mlango wa chumba. Mna pa kwenda?"

Hapo akili yangu ikarudi, au nilidhani imerudi. "Nenda kwa shangazi yako," nikamwambia binti. "Sasa hivi. Kule ni sakafu ya udongo mwekundu, hajawahi kumwaga saruji hata karai moja. Kule ni salama."

Nililisema hilo kwa uhakika wote wa mtu anayejua kila punje ya mchanga ilikokwenda. Dada yangu, mkubwa kwangu, ndiye aliyenilea baada ya mama kufa. Mumewe alikuwa fundi wa pampu kabla ya huyu wa sasa, na katika mgao wa miaka kumi na minne iliyopita nilimpa viroba viwili. Hakujenga kitu. Baada ya miezi michache aligongwa na gari, tukamzika, na viroba hatukuvisikia tena. Tulidhani aliviuza. Nyumba ya dada ilibaki na udongo wake. Basi niliita teksi, nikampandisha binti na mtoto na mfuko wa nguo, nikamwambia dereva asikimbize. Binti yangu hakunitazama usoni wala hakuniaga.

Mkaguzi alikuwa ananisubiri uani na daftari. "Mzee, nyumba ngapi?"

Hakuna mahali palipoandikwa. Mgao haukuwahi kuandikwa, ndiyo maana ulidumu. Yote yalikuwa kichwani mwangu. Nilitaja nikakunja vidole, mke wangu akinikumbusha: yule aliyeoa mwaka wa mafuriko, yule aliyehamia karibu na soko. Tukafika kumi na moja pamoja na yetu, na humo ya dada nikaihesabu kwa ajili ya ukweli tu.

"Hii ya mwisho tutapita jioni," nikamwambia. "Si ya kupima. Utapumzika na kunywa chai."

* * *

Sitakupitisha nyumba zote. Zilifanana kwa jambo moja: kila nilipobisha hodi nilipokelewa kwa furaha. "Chekecheke! Karibu, kanyaga sakafu yako!" Wakaisifia mbele yangu. Mmoja aliimwagia maji aipanguse haraka ili mgeni aone inavyong'aa.

Kwa fundi wa pampu tulimkuta keshafika nyumbani, ameketi kitandani, na godoro amelitoa nje. Alimtazama mkaguzi akipima chumba alichoolea, kile kidude kilipoanza kupiga mlio wake akaziba masikio kwa viganja, mtu mzima na ndevu zake.

Kwa mstaafu mmoja, aliyewahi kuwa bosi wangu, mambo yalikuwa magumu. Alikisikiliza kidude, akatabasamu. "Hicho kimeharibika," akasema. "Huu mchanga nimeugusa miaka thelathini. Tena wewe Chekecheke uliniapia hapa hapa, umesimama hapo hapo, kwamba ni safi."

"Nilikosea, mzee wangu."

"Hukukosea. Unaogopa karatasi za hawa watoto."

"Nimekwambia nilikosea!" Nikafoka, na sijawahi kumfokea mzee yule. "Unataka nikupigie magoti? Mjukuu wangu kalala juu ya hicho kitu miezi minane! Toka humo ndani!"

Akatoka. Si kwa sababu ya kidude wala mkaguzi. Nadhani alitoka kwa sababu aliniona nalia. Mkaguzi akafungua madirisha na kubandika utepe mwekundu mlangoni, kama alivyofanya kwingine kote, na yule mzee akaketi kwenye kiti barazani akiwa ameipa nyumba yake mgongo.

Meneja alinipigia simu tukiwa njiani kuelekea nyumba ya tisa. Alikuwa ameshaandika ripoti, alisema, inayosema mchanga wote ulitupwa shimoni na mvua ikausomba. Alichohitaji ni sahihi yangu tu. Nilimwambia maneno ambayo mke wangu akiyasoma hapa hatanipa chakula. Nikazima simu.

"Mzee," mkaguzi akaniambia, anaendesha, macho yako barabarani, "watu wengi wangeficha."

"Usinisifu, binti. Mficha uchi hazai, hicho ndicho kilichonisukuma. Kama mjukuu wangu asingekuwa kwenye sakafu ile, sijui kama ningefungua mdomo pale shimoni. Sijui kabisa."

Hilo ndilo lililonishtua kuliko kidude. Nilikuwa nimejidhania mtu mwema muda mrefu sana.

* * *

Jua lilikuwa limeanza kulegea tulipofika mtaa wa dada yangu. Bomba halijafika mtaa ule. Kila mwaka tunawaahidi na kila mwaka vifaa vinakwenda kwingine. Watu wa kule wanaishi kwa maji ya mvua na ya visima vifupi. Tulipokata kona tukapishana na wanawake wawili wenye ndoo, na mzee mmoja anasukuma baiskeli yenye madumu, wote wanatoka upande wa kwa dada. Niliwaitikia salamu. Sikuwaza lolote.

Nilichokuwa nataka ni kumwona mtoto. Nilimwona tangu mlangoni mwa ua: yuko mapajani mwa mama yake kwenye kizingiti, mashavu yake yote mawili mazima, anakinyooshea mikono kikombe cha plastiki. Binti yangu anamnywesha maji. Na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akaniangalia, akanisogezea hata kitabasamu kidogo. Nilihisi kifua kinafunguka.

"Karibu, mdogo wangu," dada akasema, anatoka jikoni anafuta mikono. "Poleni na mashaka. Na mgeni wetu karibu. Huyu mtoto hapa hana shida, kanywa, kacheka, kanikojolea."

Mkaguzi akacheka, akapita mbele yangu kumwamkia. Njia ya kutoka mlangoni inapita kando ya pipa la buluu la dada, lililoinuliwa juu ya matofali, lina bomba dogo chini, na juu limefunikwa kwa bati. Pipa lile nimeliona miaka na miaka. La maji ya mvua, ndivyo nilivyojua. Nani hufunua pipa la dada yake? Nimekunywa maji yake mara ngapi, nikayasifu.

Begi la mkaguzi likaanza kulia.

Alikuwa amesahau kuzima kidude. Akasimama. Akarudi hatua moja, kikapungua. Akasogea tena pembeni ya pipa, kikalia mlio ule ule. Mimi ndiye niliyekwenda, nikalisukuma bati, nikachungulia.

Maji kiasi cha shubiri moja, meupe. Chini yake mchanga mweusi tititi, umesawazishwa vizuri kama ninavyousawazisha mimi.

"Nani..." nikasema. "Nani aliweka?"

"Shemeji yako, kabla hajafa," dada akajibu, na bado anatabasamu. "Alisema kama mchanga wa mdogo wangu unachuja maji ya mji mzima, utashindwaje na maji ya mtaa mmoja? Mimi namimina tu ya mvua kwa juu. Mtaa wote wanachota hapa. Sasa mbona umekuwa hivyo?"

Nilimfikia binti yangu kwa hatua sijui ngapi. Nilikipiga kile kikombe kikaruka mikononi mwake, kikagonga ukuta. Sijawahi kumwinulia mkono mtoto wangu tangu azaliwe. Mjukuu akalia, binti akapiga ukelele, dada akaita jina la Mungu, akaniuliza kama nimepagawa.

"Usimnyweshe," nikawa nasema. "Usimnyweshe, usimnyweshe."

Mkaguzi akaja akapiga magoti katikati yetu. Uso wake, uliokaa imara nyumba kumi, ulikuwa umebadilika. "Nisikilizeni," akasema. "Kikombe kimoja hakiui mtu. Na sijui kama mchanga umeachia kitu ndani ya maji. Unaweza kuwa umeachia, unaweza kuwa haujaachia. Kidude hiki hakiwezi kuniambia, lazima nipeleke chupa maabara. Ninachoweza kusema ni kwamba yasinywewe tena. Mama mtoto, ameanza kunywa haya lini?"

"Leo," binti yangu akasema. "Leo tu tulipofika..." Nikaona kitu kinapita usoni mwake. Akamgeuza mtoto, akambana kifuani kwa mikono yote miwili.

"Sema, mwanangu," nikamwambia.

"Nilipokuwa na mimba, maji ya bomba yalikuwa yananitapisha. Yananuka dawa. Shangazi akawa ananiletea dumu kila Jumamosi." Alikuwa ananong'ona. "Mimba nzima, baba. Sikunywa maji mengine."

Niliyaona madumu yale. Nilikuwa nikiyapokea mlangoni mwenyewe, nikiyabeba hadi chumbani kwake, kwenye ile sakafu.

Dada yangu aliketi chini hapo hapo kwenye udongo, polepole, mkono mmoja umeshika tofali la pipa. Hakunilaumu. Laiti angenilaumu. Alikuwa anatazama mlango wa ua na midomo yake inacheza, na nikatambua kwamba anahesabu watu.

"Hodi wenyewe!" sauti ikaita nje.

Aliingia mwanamke ambaye simjui, mama wa makamo, ndoo tupu mkononi. Alituona tuko uani sote, akadhani tunapumzika. Akawaamkia wote, akaja kwangu, akanitazama vizuri, uso ukamchanua.

"Aa! Wewe si ndiye kaka wa mama huyu, wa kituo cha maji? Tunakusikia tu. Miaka yote hii nasema nikimwona huyu mtu lazima nimshukuru. Watoto wangu watano nimewakuza kwa maji yako, baba. Mungu akuzidishie."

Miaka ishirini na sita nimefanya kazi ile, nimenywesha mji mzima, na hakuna mtu aliyewahi kunishukuru kwa maji. Huyu mama alikuwa wa kwanza. Alinipa mkono nikaupokea, nikaushikilia, nikamwomba aweke ndoo chini.